Mkono wa Rubani

Katika kiwanja chetu cha nyasi huku Mbita, mkubwa wa kufukuza ng'ombe ni mimi. Ndege haitui kabla sijapiga filimbi. Rubani wa zamani hukaa juu ya jiwe kando ya ua, viatu vinang'aa kama vya bwana harusi. Msimu mmoja wa mvua aling'ang'ania kutua nyasi zikiwa zimelowa, ndege ikapitiliza mpaka kwenye mtama wa Mama Truphena. Hakuumia mtu, ila leseni ilikwenda. Tangu hapo, ndege ikishuka, mkono wake wa kulia husukuma hewa mbele, vile rubani husukuma wenzo wa injini kuongeza moto apae tena.

"Omera, ndugu yangu, unanifukuzia ng'ombe?" mimi humtania. Yeye hucheka kwa pua.

Jana ndege ilipita kichuguu kilicho kando, nusu ya kiwanja, magurudumu bado hayajagusa nyasi. Mkono ukasukuma.

"Paa, ndugu yangu," akanong'ona. "Abiria watanuna kidogo tu."

Ndege ikanguruma, ikapaa, ikazunguka juu ya ziwa, ikarudi na kutua vizuri. Nikapiga makofi.

"Omera, ameshatua."

"Huyo, ndiyo," akasema, na mkono wake bado uko mbele.