Bara Mbele, Visiwa Nyuma

Juzi nilikwenda shuleni kwa mkutano wa wazazi, kwa ajili ya mjukuu wangu. Binti yangu alikuwa na shughuli zake Mombasa, akanipigia simu akasema, "Baba, nenda wewe, ukae usikilize tu." Nikavaa kanzu safi, nikapanda polepole njia ile ya mchanga nyuma ya mji wa Lamu, au Amu kama tuuitavyo, ambayo zamani nilikuwa naipanda mbio. Darasa letu halipo tena. Limevunjwa, na mahali pake pana jengo refu la madirisha ya vioo.

Mwalimu mkuu alitusomea matokeo. Akasema watoto siku hizi wanatoka kila upande: wa Pate, wa Mkokoni, wa mjini hapa, wa walimu na polisi na wafanyabiashara waliokuja kutoka bara, na wote wanakaa wamechanganyika. Aliyeongoza hisabati katika kidato cha tatu ni msichana wa Mkokoni. Tukapiga makofi. Mzee mwenzangu wa Pate, aliyeketi kando yangu, akaniinamia.

"Huyo Mungu kamjaalia tu," alisema. "Watoto wetu sisi, Bwana, hisabati haimo damuni. Wewe mwenyewe si ulijaribu?"

Hakusema kwa ubaya. Kwetu Pate neno hilo limesemwa miaka mingi, na mimi ndiye mfano wake. Niliitikia kwa kichwa, kisha nikarudi nyumbani. Acha nikusimulie, rafiki yangu, jinsi nilivyopata kuwa mfano.

Nilipotoka Pate kuja kusoma, nilikaa kwa bibi yangu, mama yake mama. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, nyembamba, yenye baridi hata wakati wa joto la kaskazi. Alfajiri, baada ya sala, kazi yangu ilikuwa kukuna nazi. Nilikaa juu ya mbuzi uani, tui likinukia, mbaazi zikichemka taratibu, na bibi akisukuma mahamri huku akinitaka nimsomee kwa sauti nilichofundishwa jana. Hakujua kusoma herufi za kizungu, lakini nikisitasita alijua. "Rudia hapo," angesema. Na kila nilipolalamika aliniambia, "Soma, mwanangu. Mtu hanyang'anywi alichokimeza." Kisha ananifungia mahamri mawili kwenye kitambaa, moto moto, mafuta yakapenya hadi kwenye kurasa za vitabu. Madaftari yangu yote yalinuka iliki.

Darasani tulikaa kwa alama. Kila mwisho wa muhula mwalimu wa hisabati alisoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kila mtu alibeba vitabu vyake akahamia dawati lake jipya, bora mbele, dhaifu nyuma. Hakuna aliyepanga hivyo, lakini ukisimama mlangoni ulikuwa unaiona nchi nzima: bara mbele, visiwa nyuma. Wale wa mbele walikuwa watoto wa maofisa na walimu, ambao nyumbani kwao kulikuwa na vitabu na baba wa kuwauliza. Sisi wa nyuma tulitoka shule tukaenda chuoni kwa maalim kusoma Kurani, tukatoka chuoni tukaenda kuchota maji au kumtafuta punda aliyepotea. Lakini hatukuwaza hayo. Tuliona tu kwamba ndivyo ilivyo.

Na nyuma kulikuwa na raha yake, sikufichi. Tuligawana karanga chini ya dawati. Punda walilia nje ya dirisha, na sisi tukamjibu kila punda kwa jina la mwalimu mmoja.

Basi katika kidato cha pili nilipatana na mtoto wa polisi, mvulana wa bara aliyekuwa amehamia majuzi. Hakujua kuogelea, nami sikuijua aljebra. Kila Jumapili nilimfundisha kuelea, halafu tukakaa kwenye baraza ya bibi, nguo zikitukaukia mwilini, akanifundisha mafumbo ya x na y. Bibi alimpenda, akawa anamwekea mahamri yake. Mwisho wa muhula mwalimu aliposoma majina, langu lilikuwa la tatu. Darasa lote likageuka kuniangalia. Nilibeba vitabu vyangu, nikatembea kutoka ukutani hadi mbele, nikaketi kando ya mtoto wa polisi.

Mwalimu wa hisabati alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. Aliniita baada ya darasa. "Nimengoja mmoja kutoka kule nyuma kwa miaka mingi," aliniambia. "Ukikaa hapa mwaka mmoja tu, wadogo zako watakaokuja kutoka Pate hawatauliza kama inawezekana." Nilimwelewa. Nataka ujue hilo, kwamba nilimwelewa vizuri.

Lakini wenzangu wa nyuma hawakuniacha. Nikipita, mmoja anasimama kwa heshima kama mbele ya mkuu wa wilaya: "Shikamoo, Bwana Shauri." Mwingine anauliza, "Leo tukusalimie kwa lugha gani? Bado wakijua Kiamu, au kimekwama bara?" Wakicheka, nami nacheka. Mapumziko nikienda kwao, karanga zilikuwa zimekwisha kila siku. Mbele nako hakuna aliyenifanyia ubaya, ila walipiga soga za miji ambayo sikuwahi kuiona, na hakuna aliyemjibu punda.

Mtihani wa muhula uliofuata ulikuja. Karatasi ya hisabati ilikuwa rahisi. Nilifanya maswali yote, nikamaliza mapema, nikakaa nikisikiliza minong'ono ya nyuma. Kisha nikachukua kifutio. Jibu moja nikalibadilisha, halafu la pili, halafu sikuweza tena kusema nilikuwa nikitania. Maswali ya mwisho niliyafuta yote nikayaacha wazi.

Niliporudi nyuma na vitabu vyangu walinipokea kama mtu aliyetoka Makka. "Karibu kwenu," walisema, na karanga zilikuwa tele. Mtoto wa polisi alikuja mapumziko. "Lile la nne tulilifanya barazani kwenu," alisema. "Ulilijua." Nikamwambia nilisahau. Akaondoka, na Jumapili hakuja. Bibi aliuliza mgeni wake yu wapi. Nikamwambia ana mafua.

Nilidhani ningepanda tena nikitaka. Lakini mwalimu aliacha kuniita ubaoni, nami nikaacha kutaka. Nilimaliza kidato cha nne na alama za katikati, nikawa karani wa ghala. Hilo ni langu, silalamiki.

Lisilokuwa langu peke yangu ni hili. Mwaka uliofuata ule mtihani mdogo wangu alikuja kutoka Pate kuanza kidato cha kwanza. Alikuwa na akili kunishinda. Hesabu za duka alizipiga kichwani tangu mdogo. Mwalimu alimweka nyuma siku ya kwanza, kabla ya mtihani wowote, na yeye akakaa bila kuuliza. Siku moja nilimkuta uani kwa bibi, daftari limefungwa.

"Mbona husomi?" nikamuuliza.

"Kaka, wewe ulifika mbele ukashindwa," alisema. "Mimi nitafanya nini?"

Ningeweza kumwambia pale pale. Tulikuwa wawili tu, na bibi ndani akiosha mchele. Lakini nilikuwa kijana, na niliona afadhali anione mjinga kuliko anione mwoga. Nikamwambia, "Jitahidi tu." Mwaka haukuisha akaacha shule, akaenda Mkokoni kwa mjomba kupiga mbizi baharini kuvua kambakoche. Siku hizi masikio yake mawili hayasikii vizuri kwa ajili ya kazi ile.

Miaka mingi baadaye mwalimu wa hisabati alikuja Amu kututembelea, amestaafu, nywele nyeupe bila chaki. Alinitafuta hadi ghalani. Akaishika mikono yangu yote miwili.

"Nilikukosea," alisema. "Mtoto mmoja, nilikuweka mbele peke yako nikakubebesha visiwa vyote. Uzito ule ndio uliokuvunja. Nimelala nalo hilo miaka yote. Nisamehe."

Habari ya kifutio sikumwambia. Nikasema, "Yamepita, mwalimu. Nimekusamehe." Akanishukuru. Alinishukuru mara mbili.

Sasa bibi hayupo, na nyumba yake imekuwa ya wageni. Mwalimu, nasikia, amezikwa kwao bara. Mtoto wa polisi sijui alikoishia. Waliobaki wa kuambiwa ukweli ni wachache, na wa kwanza wao ni mdogo wangu. Ana wajukuu kule Mkokoni wanaosoma, na nasikia wakilemewa na hesabu huwafariji kwa kuwaambia wasihuzunike, ukoo wetu haukupewa kichwa hicho, hata kaka yake alijaribu. Jambo hili halisemeki kwa simu. Ili anisikie itabidi nikae karibu naye, niseme kwa sauti kubwa, na wajukuu wake wote watasikia.