Eti Ni Utani

Kidole changu cha kati cha mkono wa kushoto hakinyooki. Watu wakiuliza, nasema ni mpira wa pete. Sidanganyi sana, maana kilivunjikia kiwanjani, Isevya, mbele ya timu nzima.

Baba alikuwa Mzaramo, fundi wa karakana ya reli, aliyehamishiwa Tabora kabla sijazaliwa. Kwa wenyeji wetu Wanyamwezi hilo lilitosha kutufanya watani. Babu zao walipokuwa wakishuka pwani na misafara walipita kwetu, wakala kwetu, wengine wakazikwa kwetu, na utani ukabaki. Jirani yetu alikuwa akiingia wakati wa chakula bila hodi, anabeba bakuli la mboga na kutoka nalo.

"We mpagazi!" baba anamfuata mlangoni. "Mzigo huo waupeleka wapi?"

"Nyamaza, mtumwa wangu. Rudi pwani ukakune nazi."

Kesho yake baba naye anakwenda kumkamatia jogoo, na jirani anasimama pembeni akimtukana huku anacheka. Sharti ni kwamba hukasiriki. Anayemkasirikia mtani wake huonekana hana malezi.

Kepteni wetu, Mnyamwezi, alilijua sharti hilo kuliko kocha alivyojua sheria za mpira. Klabu yetu ilikuwa ya wasichana wa mtaa. Miaka ile ya Ujamaa kila mtaa ulitaka kuwa na kitu chake. Tulikuwa na kiwanja tulichokichora kwa majivu, kipande cha shamba la karanga ili tujitegemee, na kocha, mwalimu wa shule ya msingi, mama mpole aliyetuita sote ndugu. Mimi nilikuwa mfungaji. Sijisifu, nilikuwa nafunga kweli, na nadhani ndicho kilichomuuma kepteni.

Alianza kwa maneno, kama watani wote. Halafu akanimwagia maji yangu ya kunywa. Halafu raba zangu zikatupwa chooni. Shambani nililima mstari wangu, kisha nikalima na wake, huku yeye amekaa juu ya mpini wa jembe akinihesabia. Nikinuna tu, timu nzima inapiga makofi na kuimba, "Mtani hakasiriki! Mtani hakasiriki!" Hata wale niliowaita marafiki walikuwa wanaimba, tena kwa sauti.

Siku moja nikasema basi, utani ni wa pande mbili. Nikachukua kanga yake, nikajifunga, nikapita katikati ya kiwanja nikitembea kama yeye, kifua mbele na shingo ndefu. Wasichana walivunjika mbavu. Yeye hakucheka. Baada ya mazoezi aliwaambia wawili wanishike mikono, akanishindilia mchanga mdomoni mpaka nikatapika.

Nilimwambia kocha. "Mwanangu, hao si watani wako?" akasema. "Watani ndivyo walivyo." Nyumbani baba alicheka. "Na wewe mfanyie," akaniambia. Alikuwa mtu mwema, na hakuelewa hata chembe. Kichwani mwake utani ulikuwa yule jirani na bakuli la mboga.

Ikafika wiki ya kuchagua timu ya kwenda kucheza Igunga. Kocha alikwenda kuchota maji ya kuchanganyia majivu. Kepteni akanijia, akashika kidole changu kimoja, akakirudisha nyuma taratibu.

"Sema hutaki kwenda Igunga."

Nikasema. Akaendelea kukirudisha. Nikasema tena, nikamsihi, nikamwita dada. Alinitazama usoni muda wote, ametulia, kama mtu anayejaribu kama embe limeiva. Kidole kikalia.

Kocha alipofika na ndoo nilikuwa chini. "Tulikuwa tunataniana, mwalimu," kepteni akasema, kwa adabu kabisa.

Safari hii kocha alichukua hatua, na hatua yenyewe mpaka leo inanitia hasira. Alitupanga mstari, mimi nimefungwa kitambaa mkononi, akatangaza kwamba kuanzia siku ile pale hakuna Mnyamwezi wala Mzaramo, sote ni ndugu, na utani umepigwa marufuku. Kepteni akabaki kepteni. Igunga akaenda. Kocha hakumuuliza mtu yeyote ni nani aliyenivunja. Aliufukuza utani kiwanjani, akambakisha mvunjaji.

Nimefundisha wasichana mpira wa pete miaka mingi tangu hapo. Mtoto akinijia analia, simuulizi yule ni nani wake. Namuuliza amefanywa nini, na aliyemfanya anakaa nje ya timu siku hiyo hiyo. Hilo halihitaji elimu kubwa.

Kuanzia siku ile ya marufuku hakuna aliyenigusa, wala aliyenisemesha. Waliniita ndugu. "Ndugu, pita." "Ndugu, samahani." Nilisimama chini ya goli mazoezi mazima bila kupasiwa mpira, na hapakuwa na la kushtaki, maana wote walikuwa wanafuata amri ya mwalimu.

Ndipo baba akaugua, na baada ya miezi akafariki.

Msibani kwa Wazaramo mtani ana kazi yake. Anazuia jeneza mpaka apewe chochote, anachota maji, anapika, na anamwigiza marehemu ili wafiwa wapumue. Jirani yetu aliifanya kazi hiyo kwa wanaume. Kwa wanawake alikuja mama yake kepteni, mama mnene mchangamfu. Alivaa koti la kazini la baba, akatembea akichechemea kama yeye, akaigiza alivyokuwa akidai chai. Mama yangu, ambaye hakuwa amekula wala kusema, akacheka. Nilishukuru Mungu.

Wasichana wa klabu wakaingia wakati huo. Wakakaa mkekani, mikono mapajani.

"Na nyinyi mmekaa kama wageni?" mama yangu akawaambia. "Si watani zetu nyinyi?"

Kepteni akainamisha kichwa. "Samahani, mama. Tumekatazwa. Mwanao aliushtaki utani kwa mwalimu."

Mama yake kepteni alinitazama, akavua koti la baba, akalikunja, akaliweka mkekani mbele ya mama yangu.

"Kumbe tunawaudhi," akasema.

Mama hakuniuliza kitu. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa asubuhi. "Nenda kamwombe radhi mwenzako," akasema. "Usimzikishe baba yako kama mtu asiye na watu."

Nikaenda. Nikapiga magoti mbele ya kepteni, nikamwomba radhi. Aliniacha pale kidogo, watu wote wakitazama.

"Mwone," akasema, "amepiga magoti kama anachuma mchicha. Inuka, Mzaramo, baba yako anaona aibu."

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Koti likavaliwa tena. Mama yangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga, na mimi nilimchukia kwa kile kicheko, na sikutaka kiishe.

Wiki iliyofuata walinipasia mpira, na viatu vyangu vikarudi chooni.