Balbu ya Getini

Juzi mlango wa gereji ya jirani ulifunguka, taa zikawaka zenyewe, nami nikasikia harufu ya maharage.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kanombe, baba alivuta waya kutoka getini mpaka jikoni, geti likifunguliwa balbu iwake. "Ni ya wageni," aliniambia. Kwamba ni wale wasiobisha hodi, hakusema.

Alasiri moja nilifungua geti makusudi, nimfurahishe mama adhani tumepata wageni, kisha nikakimbilia jikoni. Balbu ilikuwa inawaka, maharage yanatokota, mlango wa nyuma uko wazi. Mama hakuwepo, wala mdogo wangu aliyekuwa mgongoni mwake. Nikaita.

"Uko na nani?" Sauti yake ilitoka nyuma ya ua wa vichaka vya miyenzi.

"Niko peke yangu, mama."

Aliniuliza mara tatu kabla ya kutoka.