Gama Iliyofutwa

Mama mmoja alikuwa akiandika programu za takwimu katika ofisi moja tangu kichwa chake hakijaota mvi hata moja. Siku shemeji yake, mdogo wa mumewe, alipopewa ukuu wa kitengo, kitu cha kwanza alichofanya ni kufuta kitu alichokiandika mama huyo.

Alifuta fomula ya gama, hesabu ngumu inayobeba vipimo vingi vya takwimu. Mama aliiandika mwenyewe kwa sababu kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa kitu cha kutekelezwa na kompyuta, si zote zinazokuja na gama.

"Kompaila yangu inayo," shemeji akasema bila kumtazama. "Hii yako takataka ya kizamani."

"Yako inayo. Za wateja je?"

"Usinifundishe kazi, shemeji. Hapa si jikoni kwa kaka."

Mama angeweza kubisha zaidi, lakini akaona afadhali anyamaze amngoje aumbuke. Tena akangoja kwa raha.

Hakungoja sana. Chuo cha kilimo kikapiga simu: programu mpya imegoma kwenye mashine zao. Kompaila yao imetafuta gama, imeikosa.

Kikaoni shemeji akamnyooshea kidole mbele ya mkurugenzi. "Huyu alijua, akakaa kimya makusudi!"

"Nilikuambia, ukanitukana. Sasa meza aibu yako."

Mkurugenzi akawaamuru wakae meza moja mpaka wamalize. Mama akairudisha gama yake, akaongeza maagizo: kompaila iulizwe kwanza kama inayo ya kwake; ikikosa, itumike hii. Shemeji akaijaribu hii ya mama kwa namba kubwa. Ikafurika, yaani ikapita ukubwa ambao kompyuta inaweza kuubeba, ikatoa jibu la kipuuzi.

"Bingwa huyo!" akaangua kicheko.

Ilimchoma mama, maana kosa lilikuwa lake kweli. Akaiandika upya kwa logi, hesabu inayogeuza namba kubwa kuwa ndogo, ili namba zisifurike, shemeji amemsimamia begani akiwinda kosa jingine. Hakulipata.

Chuoni programu ikakubali, majibu yakalingana na ya ofisini. Hakuna aliyemwambia mwenzake ahsante.

Jioni mumewe alikuwa akipanga sahani. "Mdogo wangu anakuja kula Jumapili."

"Aje. Mimi sitakuwepo."

"Jamani, mnagombana kwa ajili ya hesabu?"

"Hesabu imeshapona. Ni ule mdomo wake."

Akachukua sahani yake, akaenda kula chumbani, mlango akaubamiza.