Smartwatch ya mama iligoma kuungana na simu yangu: chanzo kilikuwa chumba cha pili

Wakuu, salaam kwenu. Haya yametokea nyumbani kwetu Ngana, Kyela, na sijaongeza chumvi.

Mama yangu analima kokoa. Siku za karibuni alikuwa analalamika moyo unamkimbia, lakini kila akifika zahanati unakuta umetulia. Wanampima, wanamwambia apumzike.

Dada yangu anafanya biashara Karonga, upande wa Malawi. Alipokuja kutusalimia akaleta smartwatch ili tuwe tunaangalia mapigo ya mama. Simu ya mama ni ya batani, kwa hiyo ilibidi saa iungwe na ya kwangu.

Mambo haya nayamudu, wakuu, sibahatishi. Nikaingia settings, nikawasha Bluetooth, nikapair. Freshi kabisa.

Nafungua app: haioni saa. Nikafuta app, nikaiweka upya. Wapi!

Mama kanyoosha mkono tu, ananisubiri.

"Mwanangu, kama imekushinda nivue, nikaanue kokoa. Mvua hiyo inakuja."

"Haijanishinda, mama."

Ndipo nikamuuliza dada, "Hii saa uliijaribu kwenye simu yako?"

"Kidogo tu, nione kama ni nzima."

Simu yake ilikuwa kwenye mkoba, chumba cha pili, Bluetooth imewashwa. Yaani saa ilikuwa inamkimbilia yeye!

Nikaiondoa kwenye app ya dada, nikazima Bluetooth yake. Kwangu nikaifuta kule settings (hapo wengi tunakosea: saa nyingi zinataka uziunge kupitia app yenyewe). Nikaireset, nikawasha location, nikaipa app ruhusa zote. Ikashika papo hapo.

Sasa mama kakaa kwenye mkeka, hajanyanyua hata kikombe, app inasoma mapigo zaidi ya mia na hamsini.

"Umeshaiharibu," dada akasema.

Nikaweka vidole shingoni kwa mama. Wakuu, moyo ulikuwa unapiga kama mtu aliyetoka kupandisha milima ya Matema.

"Si ndivyo ninavyowaambia kila siku?" mama akasema, taratibu tu.

Kokoa tukaziacha zilowe. Tukaita bajaji, moja kwa moja hospitali Kyela mjini. Safari hii walimpima moyo ukiwa bado unakimbia, na tatizo likaonekana wazi kwenye kipimo. Wakamtuliza, wakamwanzishia dawa.

Mama akamshika daktari mkono, akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga, mwanangu. Nilidhani mnaniona mwongo."

Dada akageukia dirishani. Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye simu.

Nilichojifunza: saa ikigoma, anza na simu iliyowahi kuishika. Ikisoma namba ya kutisha, usikimbilie kuilaumu, hakiki kwa vidole na umpeleke mtu hospitali. Saa siyo daktari. Na mzazi akisema anaumwa, anaumwa.

Kama yako imekugomea, weka hapa aina ya simu na ulipokwama, tuitazame pamoja. Na mwenye mzazi anayetumia dawa za moyo, naomba uzoefu wako.