Nilisema Jawadi Yupo

Asubuhi ile nilikuwa uani nasugua masufuria, nimenuna. Mama Jawadi aliniamsha mapema nichambue majani ya mzabibu, kisha akanigombeza kwamba nayakunja manene. Mwenzenu nimezaliwa Tanga, nimepika pilau la harusi, leo naambiwa sijui kukunja jani! Lakini sababu ya pilikapilika zote zile niliijua. Mahashi, yaani wali na nyama vilivyofungwa ndani ya majani hayo, yule mama hakuyapika ila mwanawe akirudi nyumbani.

Kijiji chao kilikuwa kusini mwa Lebanoni, ukianika nguo unaviona vilima vya Israeli. Nilikwenda kule kufanya kazi za ndani kwa mkataba wa miaka miwili. Jawadi alikuwa mwanamgambo wa kundi la Kishia ambalo kijijini hawakulitaja jina. Walisema tu "Vijana". Silaha zao zilitoka Irani. Wenzao walikuwa Iraki, wengine Yemeni, na yeye mwenyewe alipigana Siria akarudi anachechemea. Siku moja nilimuuliza, kaka Jawadi, kule Siria mlikuwa mnalinda nini? Akasema kaburi tukufu. Na sasa makombora mnarusha kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Gaza. Mama yake akadakia kutoka jikoni, "Na nyumba yangu anailinda nani?"

Jawadi akacheka tu. Mimi ni Mwislamu wa Kisuni, nilikuwa naswali nao chumba kimoja, ila mimi nafunga mikono kifuani na wao wanaiachia. Mpaka leo mtu akiniuliza vita ile ilikuwa ya nani, nachanganyikiwa.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja. Simu ya mezani ikilia na mtu akamuulizia Jawadi, hayupo. Hata akiwa amekaa mbele yako, hayupo. Niliitii miezi mingi.

Alifika adhuhuri, akanawa, akaketi kula. Mama yake akapakua sahani moja ya kujaa, akaifunika kitambaa, akatoka kumpelekea jirani. Kwao ni kama kwetu, huwezi kupika kitu chenye harufu ile ukala peke yako.

Simu ikalia.

Alikuwa mwanamume. Alinipa salamu kamili, akanijulia hali, akauliza natoka wapi. Tanzania! Akauliza kama wazazi wangu wazima. Jamani, mwaka mzima katika nyumba ile hakuna mtu wa nje aliyewahi kuniulizia wazazi wangu. Nilitaka kulia kwa furaha, mjinga mimi. Kisha akauliza, "Na wa hapo, wote wazima? Jawadi naye?"

Nilimwona Jawadi kupitia mlangoni, shavu limejaa. Kwetu kumkana mtu aliye mbele ya chakula ni kumchuria kifo. Nikasema, "Mzima, alhamdulillahi. Yupo anakula. Karibu."

Akashukuru, akakata.

Nikatoka kuchuma nanaa ya chai.

Angani kulikuwa na mlio mdogo wa ndege isiyo na rubani, kama wa cherehani. Tulikuwa tumeshauzoea.

Kishindo sikukisikia. Niliona tu ukuta wa jikoni haupo.

Vumbi. Kinywa kimejaa mchanga. Nanaa bado ipo mkononi.

Mama Jawadi alikuja mbio, mikono mitupu, anaita jina moja tu.

Msibani nilichanganyikiwa zaidi. Wanawake walimiminika kumpa mkono Mama Jawadi, na walikuwa wanampongeza. Wanampongeza! Mwanawe ni shahidi, wakasema. Nilipomfikia nilimshika magoti nikalia, na neno lililonitoka ni la kwetu: pole, mama, pole. Mwanamke mmoja akaniuliza nasema nini. Nilipomweleza maana yake akanivuta bega. "Hapa halii mtu, wala hatupeani pole. Mpongeze." Mama Jawadi alikuwa ameketi macho makavu, anaitikia pongezi moja baada ya nyingine.

Siku ya tatu wakaja wawili katika Vijana. Waliuliza nani aligusa simu siku ile.



Kabla sijafungua mdomo, Mama Jawadi akasema, "Simu ilikuwa mbovu wiki nzima."

Wiki iliyofuata alinirudishia pasipoti yangu, akanipandisha gari la kwenda Beiruti. Hatukuambizana kitu.

Sasa naishi ughaibuni, kitongoji kinaitwa Quakers Hill. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, alipata kazi Wetherill Park, akatuvuta mimi na binti yetu. Mimi nahudumia wazee, nawaogesha, nawalisha. Mama Jawadi naye, baada ya kukosa nyumba, aliletwa na binti yake anayeishi Lidcombe, mji huu huu. Namba ya huyo binti nilikuwa nayo tangu Lebanoni, maana ndiye niliyekuwa namshikia mama yake simu waonane. Alinitumia ujumbe: mama yupo hapa, anakuulizia.

Miezi minane nilikaa na ujumbe ule. Namaliza shifti, nashika simu, naiweka. Je, nilimuua Jawadi au sikumuua? Na yule mama alijua akanificha, au hakujua kitu na akijua leo atanilaani? Binti yangu, anayesikia Kiswahili chote na kunijibu Kiingereza, alichoka kuniangalia. "Mama, just ring her."

"Wewe nyamaza, hujui unalosema," nikamwambia. Lakini nilipiga.

Nilikwenda Jumamosi. Nilimkuta amekonda, ameketi karibu na dirisha, treni zinapita nyuma ya ua. Alinibusu, akaniambia nimenenepa. Binti yake alipoingia jikoni kuandaa chai, nilikaa chini miguuni pake nikamwambia yote kwa Kiarabu changu cha jikoni.

"Simu ile niliipokea mimi, mama. Nilisema yupo."



"Sikujua," akasema.

"Sasa mbona uliwaambia simu mbovu?"

"Wewe mgeni, ungekuwa wa kwanza kushukiwa. Na wakishamaliza na wewe, wangeuliza nani mwingine alijua." Akaitazama mikono yake. "Nilipeleka sahani. Mtaa mzima ulijua mahashi yangu yana maana gani. Pale kwa jirani palikuwa na wageni wawili nisiowajua. Nikawaambia, nacheka kabisa: kuleni, mwanangu amekuja."

Labda ni simu. Labda ni sahani. Labda walimwona tangu anashuka garini, na sisi wawili miaka hii tumebeba kosa lisilo letu. Vijana hawatatuambia, na waliotuma ile ndege hawatatuambia. Nilikwenda Lidcombe kutafuta jibu, nikakuta mwenzangu naye analitafuta.

"Lile neno lenu," akasema. "Ulilosema msibani wakakunyamazisha. Hakuna mtu aliyeniambia tena. Liseme."

"Pole, Mama Jawadi."

Akalia. Binti yake alitoka jikoni mbio na birika mkononi, akasimama mlangoni ameduwaa. Hakuwahi kumwona mama yake akimlilia Jawadi. Alilia mpaka chai ikapoa, na kila alipovuta pumzi nililisema tena.