Shanga za mbarika: nilivyomwachia Mama Robhi kosa langu kwenye kambi ya watoto Susuni

Wakuu, heshima kwenu nyote. Walio chini ya miaka sabini ni wanangu, shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba.

Nasoma sana nyuzi za humu, sijawahi kuanzisha wa kwangu. Juzi mama mmoja aliuliza kama hizi day camp za likizo, za kuwatembeza watoto wadogo porini wajifunze miti na ndege, ni salama. Wengi mkajibu kwamba ni mambo mapya ya watu wa mjini.

Si mapya. Mimi niliratibu moja Susuni, Tarime, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru.

Ninayoandika yalitokea, na aliyekosea ni mimi. Sitaongeza chumvi. Natumia kidole kimoja kwenye simu, mnivumilie.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka chuo cha ualimu. Kwa msichana wa Kikurya wakati ule hiyo ilikuwa habari ya kijiji kizima. Nilivaa viatu. Nilikuwa na saa ya mkononi. Nawaambia haya mjue kichwa kilikuwa kimevimba kiasi gani.

Pale misheni palikuwa na mwalimu wa kizungu, mama wa makamo, sisi tulimwita Misi. Likizo ya katikati ya mwaka ilikuwa wakati wa kuvuna ulezi. Wazazi wako shamba tangu alfajiri, watoto wadogo wanabaki wanazurura. Mmoja alikuwa ameshaungua moto jikoni.

Misi akasema tuwakusanye asubuhi, tukae nao nje mpaka saa tisa mchana, wajifunze vitu alivyoumba Mungu, kisha warudi kwao. Akanipa daftari la kuandika ratiba, na mimi ndiye msimamizi. Kisha akasafiri kwenda Musoma kwa wiki mbili.

Mwenzangu wa kazi alikuwa Mama Robhi. Mjane wa miaka arobaini na kitu, binti yake Robhi ameolewa ng'ambo ya mto Mara, upande wa Serengeti. Kwenye daftari nilimwandika mpishi wa uji.

Ukweli ni kwamba kambi ilikuwa yeye.

Yeye ndiye aliyeleta kamba ya katani yenye mafundo, kila mtoto anashika fundo lake, tunakwenda mtoni bila kumpoteza hata mmoja. Yeye ndiye aliyewaonyesha unyayo wa nguchiro na wa kanga. Aliwafumba macho wakasikiliza ndege, kisha kila mmoja aigize aliyemsikia. Watoto ishirini na sita, kimya kama kanisani, halafu ghafla wote wanalia kama ndege! Mpaka leo nikisikia kelele za chekechea nawakumbuka.

Mimi nilikuwa naandika kwenye daftari kwamba somo limefundishwa na Mwalimu Nyangi. Nyangi ndiyo mimi.

Wiki ya kwanza ikaisha salama.

Wiki ya pili nilitaka Misi akirudi akute kitu cha kuonekana. Nikapanga somo la kuhesabu kwa mbegu, na kila mtoto avae mkufu aliotunga mwenyewe. Nyuma ya boma moja lililohamwa palikuwa na vichaka vya mbarika, wengine mnaita mnyonyo. Mbegu zake mnazijua. Zinang'aa, zina madoa, kama kupe aliyeshiba.

Tulipofika Mama Robhi akaacha sufuria akanifuata.

"Mwalimu, hizo hapana. Mtoto akitafuna, ni hatari. Tafuta mbegu nyingine."

"Hawali, wanatunga," nikamwambia.

"Mtoto wa miaka mitano unamwambia asiweke kitu mdomoni?"

Watoto walikuwa wanatusikiliza. Nikaona ananishusha mbele yao. Nikamjibu kwa Kiswahili cha chuo, taratibu, "Mama Robhi, wewe angalia uji. Masomo niachie mimi."

Mama aliyelingana na mama yangu mzazi.

Hakubishana. Alirudi kwenye moto wake. Saa tisa alipita kwa kila mtoto akimwambia kwa Kikurya, usile hii, usile hii. Nilikasirika hata kwa hilo.

Wakaondoka na mikufu yao shingoni. Walipendeza, siwezi kudanganya.

Asubuhi iliyofuata mtoto mmoja hakuja, Matinde, miaka mitano. Muda mfupi baadaye akatokea baba yake, mzee Marwa, mbio mbio na watu wengine. Mtoto anatapika na kuhara damu, macho yameingia ndani. Wameshampakia kwenye lori la misheni, linakwenda hospitali ya mjini, na lori limesimama hapo njiani.

"Mmewalisha nini watoto?" akauliza.

Nilikwenda kwenye lori. Matinde alikuwa kwenye mapaja ya mama yake. Mkufu bado ulikuwa shingoni. Nusu ya uzi ilikuwa tupu.

Wakuu, nilijua palepale.

Watu walikuwa wameshamgeukia Mama Robhi, maana aliyepika ni yeye. Mama mmoja akasema mjane huyu hana mtoto mdogo nyumbani, anawaonea wivu wenye watoto. Kwetu hayo ni maneno ya kumwita mtu mchawi, hayasemwi kwa mchezo.

Mama Robhi hakulia wala kupiga kelele. Akasema, "Ametafuna mbegu za mbarika. Mwambieni daktari ni mbarika. Mwambieni sasa hivi, mtoto atakufa."

Mzee Marwa akanigeukia. "Mwalimu, ni kweli?"

Mama Robhi ananiangalia. Hakuwa ananiangalia kwa hasira, alikuwa ananisubiri nimalizie tu sentensi yake.

Nikasema, "Mimi sijui. Mambo ya kuwalisha alikuwa nayo yeye."

Basi. Maneno hayo tu. Hata pumzi moja hayakumaliza.

Lori likaondoka na daktari hakuambiwa kitu. Watoto wengine walikuwa wamekuja na mikufu yao. Niliikusanya yote, nikaitupa chooni. Mama Robhi aliniona nikifanya hivyo.

Matinde alikaa hospitali muda mrefu. Alipona, Mungu ni mkubwa. Lakini angeweza kufa, kwa sababu mimi niliona aibu.

Misi aliporudi nikamkabidhi ripoti. Niliandika vizuri sana, mbarika sikuitaja popote. Kambi ikafungwa, Mama Robhi akaambiwa asifike tena misheni. Lakini kubwa halikuwa kazi. Watu waliacha kula kwake. Akienda kisimani wanawake wanavuta watoto wao. Kabla ulezi haujaisha kuanikwa alikuwa amefunga mizigo, akavuka mto Mara kwenda kwa binti yake.

Mimi nilipandishwa cheo mwaka uliofuata.

Miaka mingi baada ya uhuru, nikiwa mwalimu mkuu, kazi ikanipeleka vijiji vya karibu na Mugumu, huko Serengeti. Nikauliza, nikaelekezwa, nikamkuta. Amezeeka, lakini ni yeye.

Nilidhani atanifukuza. Alinishika mikono miwili. Alinisongea ugali wa mtama, akaleta maziwa ya mgando. Kitu cha kwanza alichouliza: "Yule mtoto alipona?"

Nikamwambia alipona, ameolewa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, ana watoto wake.

"Asante Mungu," akasema. "Nilikuwa namwombea."

Robhi akaingia, na mama yake akanitambulisha, kwa fahari kabisa, "Huyu ndiye mwalimu niliyefanya naye ile kazi ya watoto."

Maneno ya kumwomba msamaha nilikuwa nayo mdomoni. Nilitoka nayo nyumbani. Nikasema ugali ni mzuri. Nikasema nimefurahi kumwona. Jua likawa linashuka, nikaaga.

Nikajiambia nitarudi. Sikurudi. Nikasikia amefariki.

Baada ya mimi kustaafu nilikwenda kwa Robhi, nikamweleza yote tangu mbegu mpaka choo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Alisema hivi:

"Mama hakuwahi kukanyaga Susuni tena. Dada yake alikufa, hakwenda kumzika. Mwalimu, mimi nilijua siku zote mama hakufanya kitu. Kwa nini unaniambia mimi? Ungewaambia wao."

Alikuwa na haki.

Jumapili iliyofuata nikaenda Susuni. Nikaomba nafasi baada ya ibada, nikasimama mbele, nikasema jina la Mama Robhi, nikasema uongo wangu, nikasema yeye hakuwa na kosa.

Nikawatazama waliokaa pale. Mzee Marwa hayupo. Mama aliyetamka neno la wivu hayupo. Waliobaki ni vijana na watu wazima niliowafundisha baadaye. Hawakuwahi kusikia habari za Mama Robhi. Mmoja aliuliza pole pole alikuwa wa ukoo gani.

Kisha wakanipigia makofi. Mchungaji kijana akanishika bega, akasema, "Bibi, una ujasiri wa pekee."

Nililia njia nzima mpaka Bomani, Tarime mjini, na hakukuwa na mtu wa kumweleza kwa nini.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukweli ulitakiwa pale kwenye lori, asubuhi ile, mbele ya wale watu. Nilipokuja kuusema walikuwa wameshaondoka wote, wakaondoka na uongo wangu.

Na wewe mama uliyeuliza kuhusu kambi: peleka mtoto, ni jambo zuri sana. Ila usiangalie vyeti tu. Muulize anayepika uji anaona nini, kisha msikilize.

Uwanja ni wenu wakuu. Mnaotaka kunisema vibaya semeni tu, sitajibu kwa hasira. Na kama kuna mtu wa Mugumu humu anayeifahamu familia ya Robhi, naomba usome huu uzi kwa sauti nyumbani kwao.